Stelingi ni Dada: Picha Kumi za Kihindi Zenye Fumbo, Kutoka ya Kumi Hadi ya Kwanza

Tuwekane sawa kabla ugomvi haujaanza. Hapa zinapangwa picha za Kihindi zenye fumbo ambazo stelingi wake ni mwanamke. Simsemi yule dada wa kuimba bustanini, mtandio unapepea, halafu mwishoni anafungwa kamba kwenye ghala la mapipa matupu akisubiri kuokolewa. Nasema dada anayetafuta mwenyewe, au anayetafutwa, au (na hapo ndipo utamu ulipo) dada anayelijua jibu tangu dakika ya kwanza huku sisi tukihangaika.

Sheria ni tatu. Moja, lazima kuwe na siri ya kukufanya uahirishe kwenda chooni. Mbili, ukimtoa mwanamke huyo, picha lote linaanguka. Tatu, India haiishii Mumbai, kwa hiyo Kerala, Bengaluru na Kolkata wana haki zao kamili. Sheria ya pili imeishusha Drishyam hapo hapo mlangoni, maana ile ni ya Mohanlal, hata kama Tabu aliingia kwenye toleo la Kihindi la 2015 na magwanda ya polisi akatisha nyumba nzima. Andhadhun (2018) nayo imebaki nje, na hiyo imeniuma kwelikweli, kwa sababu Tabu humo ni moto wa kuotea mbali. Ila anayebeba hadithi ni yule mpiga piano. Sheria ni sheria.

Kigezo cha kupanda daraja ni kimoja: picha inatumiaje huruma yetu kutuzubaisha? Tukimwona mjamzito, mgonjwa, mjane au shangazi mwenye kikombe cha chai, tunaacha kumshuku. Waongozaji wajanja wanalijua hilo. Na onyo: za kabla ya 2000 nazifunua bila aibu, muda wa kuziangalia ulikuwepo. Za baadaye nachunga mdomo.

10. Gupt (1997)

Najua, najua. Stelingi ni Bobby Deol na nywele zake. Anasingiziwa kumuua baba yake wa kambo, anatoroka jela, anamsaka muuaji wa kweli. Sasa imeingiaje hapa? Imeingizwa na Kajol. Miaka miwili baada ya Dilwale Dulhania Le Jayenge, mwongozaji Rajiv Rai alichukua uso ambao India nzima ilishauzoea kwenye mapenzi, akautia kisu mkononi. Watazamaji walimshuku kila mtu aliyekunja uso, na aliyetabasamu akapita katikati yao. Kajol akawa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa nafasi ya adui. Unaiona shida ya tuzo hiyo? Aliyechelewa kuiangalia picha alisomewa jina la muuaji jukwaani, tena kwa makofi.

Hukumu: mwondoe Kajol, Bobby anabaki kijana mwenye nywele nzuri asiye na kesi.

9. Jaane Jaan (2023)

Mwongozaji ni Sujoy Ghosh. Likumbuke jina hilo, litarudi. Kareena Kapoor ni mama anayelea binti peke yake huko Kalimpong, mji wa milimani wenye ukungu usioisha. Siku moja mume aliyemkimbia anajitokeza, halafu hajitokezi tena popote. Msingi wake ni riwaya ya Mjapani Keigo Higashino, The Devotion of Suspect X, na jirani wa mama huyo, mwalimu wa hesabu anayechezwa na Jaideep Ahlawat, anajitolea kuufuta ushahidi kwa hesabu za hali ya juu.

Hukumu: Kareena anatetemeka vizuri, lakini akili yote ya kuficha ni ya jirani. Mama angeshika chaki mwenyewe, ningempa nafasi ya tano.

8. Haseen Dillruba (2021)

Nyumba inalipuka, na cha mume kinachopatikana ni mkono mmoja wenye tatuu ya jina la mke. Polisi wanamtazama mke. Mke, Rani, anayechezwa na Taapsee Pannu, ni msomaji sugu wa riwaya za mauaji, na kila akihojiwa anamnukuu mwandishi wake kipenzi hadi mpelelezi anachoka. Aliyewahi kusoma hadithi fupi ya Roald Dahl kuhusu mke na mguu wa kondoo wa kwenye friza atanusa kitu mapema.

Hukumu: usiiangalie na mwenzi mliyegombana asubuhi.

7. Badla (2019)

Sujoy Ghosh tena, Taapsee tena. Mwanamke tajiri anazinduka kwenye chumba cha hoteli kilichofungwa kwa ndani, na mpenzi wake ni maiti. Wakili mzee, Amitabh Bachchan, anakuja nyumbani kwake Glasgow kumwandaa kwa kesi, na karibu picha lote ni watu wawili mezani wanavuana uongo gamba kwa gamba.

Kilichonifurahisha ni ujanja wa kuhamisha. Picha hii ni toleo la Kihindi la filamu ya Kihispania ya Oriol Paulo, Contratiempo (2016), na huko mtuhumiwa ni mwanamume na wakili ni mwanamke. Ghosh kawabadilishia viti. Mambo yanayotokea ni karibu yale yale, ila hukumu yako inayumba: tajiri mwanamume mwenye mchepuko unamchoka mapema, tajiri mwanamke mwenye mchepuko unaanza kumhukumu kabla hajasema lolote, halafu unashtuka kujikuta unafanya hivyo. Halafu anaingia Amrita Singh, mama mwenye uso wa kawaida, na meza yote inageuka.

Kuna watakaoniuliza kwa nini sikuchukua Game Over, Taapsee yule yule, mwaka ule ule, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na tatuu iliyochanganywa na majivu ya marehemu. Ni nzuri. Lakini humo hofu ni nyingi kuliko fumbo, na orodha hii ina wivu.

Hukumu: katika Pink (2016) Amitabh alikuwa wakili wa Taapsee, hapa tena. Dada huyu akimwona mzee huyo mlangoni, ajue siku imeharibika.

6. Woh Kaun Thi? (1964) na Mera Saaya (1966)

Mbili kwa nafasi moja, kwa sababu Sadhana mwenyewe kila mara alikuwa wawili.

Ya kwanza: usiku, mvua, daktari yuko kwenye gari. Barabarani amesimama mwanamke mwenye sari nyeupe. Anampa lifti. Vifuta kioo vinagoma, dereva haoni kitu, lakini mwanamke anamwelekeza njia kana kwamba ni mchana. Anashuka wapi? Makaburini. Baadaye mama wa daktari anamtafutia mke, na daktari akifunua uso wa bibi harusi, ni yule yule. Ya pili: wakili, Sunil Dutt, anafiwa na mkewe mikononi mwake. Muda si mrefu polisi wanamkamata jambazi wa kike mwenye uso wa marehemu, naye anasimama kizimbani kudai yeye ndiye mke, tena anataja mambo ya chumbani ambayo mke tu angeyajua. Mume anamhoji mkewe (au asiye mkewe) mbele ya hakimu. Raj Khosla aliziongoza zote mbili, na miaka hiyo kumbi za sinema za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa zilikuwa zinajaa kwa picha za Kihindi. Jhumka Gira Re ya Asha Bhosle imo kwenye hiyo ya pili, na bado inachezwa harusini na watu ambao hawajui kama ni wimbo wa picha la kesi.

Jibu? Pacha. Mara zote mbili! Sinema ya India ya zamani ikikwama, mama mzazi anakumbuka kwamba alijifungua wawili. Hilo ndilo limezishusha hadi sita.

Heshima kwa bibi yao wote, Mahal (1949) ya Madhubala, ambayo ilikuwa na fumbo ndani na nje ya skrini. Sahani ya santuri ya Aayega Aanewala ilipotoka, jina la mwimbaji liliandikwa Kamini, mhusika wa kwenye picha. Wasikilizaji wa redio wakauliza huyo Kamini ni nani. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, Lata Mangeshkar.

Hukumu: mwanamke mwenye sari nyeupe akisimamisha gari lako usiku wa mvua, mwulize kwanza kama ana pacha.

5. U Turn (2016)

Bengaluru. Juu ya daraja la magari, njia mbili zimetenganishwa kwa vipande vya zege. Mwenye pikipiki hataki kwenda hadi mwisho wa daraja ndipo ageuze. Anashuka, anasogeza vipande viwili, anageuza, anaondoka zake, na vipande vinabaki katikati ya barabara vikimsubiri mwingine. Rachana, mwanahabari mwanagenzi anayechezwa na Shraddha Srinath, anataka kuandika makala kuhusu tabia hiyo. Anamlipa mtu anayelala pale darajani amwandikie namba za vyombo. Kabla makala haijatoka, polisi wanambishia hodi: aliokuwa na orodha yao wamekufa, kila mmoja siku ile ile aliyogeuza.

Hakuna jumba la kifalme, hakuna laana ya mababu. Kosa lenyewe ni la nusu dakika. Pawan Kumar aliitengeneza kwa Kikannada, kisha yeye mwenyewe akairudia kwa Kitamil na Kitelugu akiwa na Samantha (2018). Ikafika hadi Ufilipino, na Mumbai ikaifuata 2023. Kila mji una watu wa kusogeza vizuizi.

Hukumu: ndiyo picha pekee ya kutisha ambayo trafiki wangeomba ionyeshwe shuleni. Wewe uliyezoea bodaboda ya kupita upande usio wake, itakuhusu.

4. Kaun (1999)

Nyumba moja. Siku moja ya mvua. Watu watatu. Nyimbo: hakuna! Kwa Mumbai ya 1999, picha isiyo na wimbo lilikuwa tangazo la vita. Ram Gopal Varma aliiongoza, na Anurag Kashyap, wakati huo kijana asiyejulikana sana, aliiandika.

Urmila Matondkar yuko peke yake nyumbani. Televisheni inasema muuaji yuko mitaani. Kengele inalia. Nje yuko Manoj Bajpayee, amelowa, anacheka cheka, anaulizia nyumba ya mtu ambaye haishi pale. Anafukuzwa, anarudi. Anafukuzwa, anarudi. Bajpayee anakera kwa kipaji cha pekee. Unataka umpige kwa kiatu kupitia kioo. Baadaye anaongezeka mwingine, Sushant Singh, anayedai ni polisi. Wanaume wawili wasiojulikana na mwanamke mmoja mwenye macho makubwa ya woga. Umeshaamua upande wako, sivyo?

Basi umekosea. Waliotakiwa kuogopa ni hao wageni. Hata jina la mwanamke huyo hatukupewa, na sisi hatukujali kuliuliza, kwa jinsi tulivyokuwa tunamwonea huruma. Dakika tisini hivi, na ukirudia kuiangalia utaona kwamba woga wake haukuwa wa uongo. Alikuwa anaogopa kweli. Hapo ndipo baridi inapopanda mgongoni.

Hukumu: mwenye nyumba akikwambia ondoka, ondoka.

3. Shubho Mahurat (2003)

Hapa najua nitapigwa. Wengi hamjaiona, ni ya Kibengali, haina mbio za magari, na aliyeibeba ni shangazi mtu mzima asiyebanduka nyumbani kwake. Iko nafasi ya tatu na haishuki.

Rituparno Ghosh alichukua riwaya ya Agatha Christie, The Mirror Crack'd from Side to Side, akaihamishia Kolkata kwenye ulimwengu wa watengeneza sinema. Siku ya kuzindua picha mpya, mwigizaji wa zamani anaanguka na kufa. Nandita Das, mwanahabari, alikuwepo, na kila akirudi nyumbani anamsimulia shangazi yake, Ranga Pishima. Shangazi anaendelea na kazi zake za nyumbani, anauliza swali moja dogo, anakwenda jikoni. Kumbe ameshasogea hatua tatu mbele ya polisi. Anajua watu kwa sababu maisha yote ametazama watu, na hakuna aliyewahi kumtazama yeye.

Shangazi huyo ni Raakhee. Mtayarishaji wa picha inayozinduliwa ni Sharmila Tagore. Wawili waliokuwa malkia wa skrini za India miaka ya 1970 wanakaa ana kwa ana, wazee, bila muziki wa kusukuma machozi, wanaongea. Tukio hilo ningelichukua mbele ya milipuko yote ya Mumbai. Raakhee alipata Tuzo ya Taifa ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hiyo. Msaidizi! Aliyelitegua fumbo! Hiyo kesi bado iko wazi.

Hukumu: ukifanya uhalifu, mkwepe shangazi anayekuuliza umekula nini.

2. Manichitrathazhu (1993)

Sasa Kerala nzima inanijia na mapanga kwa kuiweka ya pili. Nisikilizeni kwanza.

Ganga na mumewe wanahamia nyumba ya ukoo. Kuna chumba kilichofungwa, na kila mtu anasema kisifunguliwe. Ganga, msomaji wa vitabu, mcheshi, mke ambaye mama mkwe yeyote angempigia vigelegele, anakifungua. Vitu vinaanza kuvunjika na kuwaka moto. Familia inamshuku Sreedevi, binamu ambaye ndoa yake ilivunjika na ambaye nyota zake zilishasemwa kuwa na mkosi. Nasi tunamshuku pamoja nao, maana tumefundishwa kwamba aliyeachika lazima ana jambo. Fazil, mwongozaji, anatuachia kosa hilo kwa muda mrefu bila huruma.

Kisha linakuja tukio la kitanda. Ganga anataka kutoka kwenda kununua vito. Mume anamkatalia. Ni jambo dogo kabisa. Shobana anainua macho, na macho si yale ya asubuhi. Sauti inashuka, Kimalayalam kinageuka Kitamil, mkono mmoja unashika kitanda na kukinyanyua. Hakuna vumbi la kompyuta, hakuna moshi. Ni uso wa mwanamke mmoja unaomwachia nafasi mwingine, Nagavalli, mcheza ngoma wa Thanjavur aliyeuawa humo ndani zamani. Shobana alipewa Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora wa kike, na huyo hakuna wa kumbishia. Cha ajabu ni kwamba sauti tunazosikia si zake: Ganga aliingiziwa sauti na Bhagyalakshmi, Nagavalli na Durga. Wanawake watatu ndani ya mhusika mmoja mwenye wanawake wawili. Hesabu mwenyewe.

Halafu marudio. Kikannada, Apthamitra (2004), na Soundarya, aliyefariki kwa ajali ya ndege miezi michache kabla picha haijatoka; watu walikwenda kumwaga machozi wakati huo huo wakitetemeka. Kitamil, Chandramukhi (2005), na Jyothika, iliyokaa zaidi ya siku 800 kwenye ukumbi mmoja wa Chennai. Kihindi, Bhool Bhulaiyaa (2007), na Vidya Balan. Lakini tazama mabango: Rajinikanth mbele, Akshay Kumar mbele. Hata kwenye ile ya asili, Mohanlal anaingia katikati kama daktari wa akili, anachekesha, anaponya, anaondoka na makofi.

Hukumu: aliyeugua ni Ganga, aliyecheza ni Ganga, aliyenyanyua kitanda ni Ganga, na shukrani akapewa daktari. Hapo tu ndipo namba moja ilipokuponyoka, Kerala.

1. Kahaani (2012)

Kwenye hii hakuna daktari wa kuja katikati.

Mwanamke mwenye mimba kubwa anashuka uwanja wa ndege wa Kolkata akitoka London. Haendi hotelini. Anaiambia teksi impeleke moja kwa moja kituo cha polisi cha Kalighat, anakaa, anatoa picha ya harusi: namtafuta mume wangu. Ofisi iliyodaiwa kumwajiri inasema hatumjui. Nyumba ya wageni aliyosema kafikia inasema hajafika. Wiki hiyo ni ya Durga Puja, mji umejaa ngoma, taa na sanamu za mungu wa kike mwenye mikono kumi anayemchoma mkuki jitu. Sujoy Ghosh alilipandisha jibu jukwaani mbele yetu, akalipamba kwa maua, na hatukuliona.

Ghosh wakati huo alikuwa ametoka kuanguka na Aladin (2009), na fedha hazikuwepo: takriban rupia milioni 80 tu. Akaingia mitaani na kamera za kujificha, katikati ya umati halisi. Picha ikakusanya zaidi ya rupia bilioni 1 duniani. Vidya Balan, miezi mitatu tu baada ya kuitikisa nchi kwa The Dirty Picture, alivaa tumbo la bandia na gauni pana, na akapanda ngazi za Kolkata taratibu hadi kiuno kikakuuma wewe mtazamaji.

Na tumbo hilo linafanya kazi! Inspekta kijana, Rana, anambebea mizigo na roho yake pamoja. Maofisa wanamvutia kiti. Hata Khan, afisa wa usalama anayechezwa na Nawazuddin Siddiqui, mkali wa kutukana kila anayepumua karibu naye, anamwona kama chambo tu. Kila mlango unafunguka kwa sababu hakuna anayemwogopa mama mjamzito. Kwenye nyumba ya wageni ya Monalisa wanajisifia maji ya moto yanayotiririka saa zote, kumbe kinachotiririka ni kijana Bishnu anayekimbia na birika. Vidya anacheka, sisi tunacheka, na wakati tunacheka yeye anahesabu.

Lazima nimtaje Bob Biswas. Muuaji wa kukodiwa, lakini kazi yake ya mchana ni kuuza bima ya maisha. Kitambi, upara unaanza, miwani, bosi anamfokea kwa kukosa malengo ya mwezi. Anakusalimia kwa adabu kabla ya kukupiga risasi, na akikimbia hatua chache anahema. Saswata Chatterjee anaonekana dakika chache tu, akabaki vichwani mwa watu. Na hapa nina malalamiko rasmi: Vidya ndiye aliyeshinda vita, lakini aliyepewa picha ya jina lake mwenyewe ni muuaji, Bob Biswas (2021). Kahaani 2 (2016) ilikuwa na Vidya, ila mwanamke mwingine na hadithi nyingine kabisa. Nako kwa Watelugu walipoirudia kwa jina la Anaamika (2014) na Nayanthara, waliondoa mimba! Ni picha nzima ya kujificha nyuma ya mimba, wakaacha mimba Kolkata.

Mwisho sisemi. Nasema tu kuna sari nyeupe yenye pindo jekundu, kuna mitaa imejaa wanawake waliovaa hiyo hiyo, na kuna kitu anachokifanya Vidya kwa mikono miwili ambacho kilifanya watu ukumbini wapige kelele kisha wanyamaze.

Hukumu: kila mwanamume kwenye picha hii alidhani anamsaidia.

Haya, leteni maneno. Wa Gupt mtasema nimeishusha, wa Kerala mmeshanuna, na wa Shubho Mahurat mko wachache lakini mna kelele, nawapenda. Ila yule anayedai aliligundua la Kahaani mapema, naomba aseme ni tukio lipi lililomfumbua, na asiniambie ni lile la uwanja wa ndege.